Historia ya Kushughulikia Kazi Zinazochelewa katika Mifumo Sambazi ya Kompyuta, 2004–2010

Mfumo sambazi huigawa kazi kubwa katika vipande vingi vinavyotekelezwa na kompyuta tofauti. Kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka kipande cha mwisho kikamilike. Hivyo kompyuta moja nzito huzisubirisha nyingine zote. Makala haya yanadai kwamba, ingawa mwaka 2004 ndio unaotajwa zaidi, badiliko kubwa la kifikra lilitokea 2008.

Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google waliueleza mfumo wa MapReduce. Sababu za uchelewaji walizifahamu: walitaja diski mbovu ambayo kasi yake ya kusoma hushuka kutoka megabaiti 30 hadi 1 kwa sekunde. Dawa yao, hata hivyo, haikujali sababu. Kazi ilipokaribia kwisha, kila kipande kilichobaki kilianzishiwa nakala kwenye kompyuta nyingine, na matokeo ya itakayotangulia yakapokelewa. Katika jaribio la kupanga takribani terabaiti 1 ya data, kazi ilichukua sekunde 891. Bila nakala, 1,283. Katika jaribio hilo la pili, baada ya sekunde 960 vilisalia vipande 5 tu, navyo vikala takribani robo ya muda wote.

Hadoop, mfumo huria uliofuata nyayo hizo, ulihesabu kuwa kizito kipande kilichokwisha kutekelezwa kwa dakika 1 na kuwa nyuma ya wastani kwa asilimia 20. Kwa hesabu hiyo, kipande kilichovuka asilimia 80 hakikuweza kamwe kupewa nakala, hata kingekwama hapo. Aidha, kipimo kilichukulia kuwa kompyuta zote zina nguvu sawa. Kwenye kompyuta pepe za kukodi za Amazon, ambako wapangaji hugombea diski na mtandao, dhana hiyo ilianguka. Nakala zisizo na faida zilizinyang'anya kazi nyingine rasilimali.

Matei Zaharia na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndio walioligeuza swali. Hawakuuliza kipande kipi kiko nyuma, bali kipi kitamaliza mwisho. Walikadiria muda uliosalia, wakaweka kikomo cha nakala, na wakazinyima kompyuta nzito nakala hizo. Katika kundi la kompyuta pepe 200, muda wa Hadoop ulipungua hadi nusu.

Suala la sababu lilirudi 2010, Ganesh Ananthanarayanan na wenzake walipochunguza kompyuta za Bing ya Microsoft: kipande chenye data nyingi kupita vingine kitachelewa popote kitakaponakiliwa.