Mgeni na Mji: Wahamiaji wa Dar es Salaam na Shaka ya Kupokewa

Katika historia ya miji ya Afrika ya Mashariki yameandikwa mengi juu ya bandari, reli na serikali, lakini machache juu ya shaka iliyokuwa moyoni mwa mtu aliyeshuka garimoshi kwa mara ya kwanza, hali hana amjuaye ila jamaa mmoja au wawili. Shaka hiyo haikuwa ya kazi na chakula tu. Ilikuwa shaka ya kupokewa: atacheka na nani, atakopa kwa nani, na siku atakapokufa ni nani atakayemzika? Habari za Dar es Salaam zaonyesha jinsi maswali hayo yalivyojibiwa, na kwamba walioyajibu hawakuwa serikali wala wale waliodai kuwa wenye mji, bali wageni wenyewe.

Yafaa kwanza kuuliza wenye mji walikuwa nani. Masimulizi ya pwani yasema kwamba Washomvi, ambao hunasibisha asili yao na Barawa, ndio waliokaa katika vijiji vya pwani hiyo, na Mzizima kilikuwa kimoja katika hivyo. Walipovamiwa na maadui waliomba msaada wa Wazaramo waliotoka bara wakiongozwa na Pazi. Vita vilipokwisha Wazaramo walilipwa chumvi na vitu vingine vya pwani, wakawa majirani. Mwaka wa 1862 Sultani Majid bin Said wa Unguja akaanza kujenga mji mpya kando ya Mzizima, akauita Dar es Salaam. Akafa mwaka wa 1870 kabla ya kuukamilisha. Mwaka wa 1891 Wajerumani wakahamishia huko makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Reli iliyoanzwa mwaka wa 1905 ilifika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914, na kwa njia hiyo watu wa bara wakaja kwa wingi. Waingereza nao waliuteka mji mwaka wa 1916, na kambi ya wapagazi wao wa vita ikaacha jina la Kariakoo. Basi hapakuwa na kundi katika mji huo ambalo halikupata kuwa geni. Tofauti ilikuwa ya nani alitangulia na nani alifuata.

Hata hivyo aliyetangulia hakukosa kumwonyesha aliyefuata kwamba amechelewa. Mtu wa bara aliitwa mshamba. Alijulikana kwa matamshi yake, kwa nguo zake, kwa namna alivyosalimia na alivyokaa barazani. Wengi waliona kwamba kanzu, kofia na Kiswahili laini ndiyo mavazi ya lazima ya mji, na baadhi yao walipoingia katika Uislamu walipata pamoja na imani mpya jina jipya na watu wa kusali nao safu moja. Juu ya dharau ya jirani palikuwapo mgawanyo wa serikali. Uzunguni palijengwa kwa sheria yake, Uhindini kwa yake, na Waafrika wakapewa sehemu za nyuma, huku kiwanja cha Mnazi Mmoja kikiachwa wazi katikati. Mgeni aliyetoka kijijini, ambako kila mtu alimjua baba yake, alijikuta mahali ambapo aliulizwa kabila lake kabla ya jina lake.

Mlango wa kwanza aliopitia ulikuwa wa nyumba. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma yake ua wenye jiko na choo. Kila chumba kiliweza kuwa na wapangaji wa kabila lao. Mgeni alifikia kwa jamaa yake, akalala kwenye mkeka ukumbini au chumbani, na siku zilivyopita akajulikana kwa watu wa ua mzima. Wanawake waliochota maji pamoja na kupika uani walifahamiana mapema kuliko wanaume waliokutana jioni barazani. Lakini kufahamiana si kupokewa. Jirani aweza kukupa moto wa kuwashia jiko, na asiwe na wajibu wowote kwako siku ya ugonjwa. Wajibu ulitafutwa kwingine.

Ulipatikana kwanza katika ngoma. Beni, ngoma iliyoanza kusikika katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuiga bendi na gwaride la askari wa Kizungu, ilienea hadi Dar es Salaam, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Marini ilipendwa na makarani na wale waliojihesabu kuwa wastaarabu. Arinoti iliwapokea zaidi watu wa kazi nzito na wa kutoka bara. Wanachama walipeana vyeo vya mfalme, jenerali, gavana na daktari, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Wakoloni wengine walicheka, na wengine wakaogopa kwamba nyuma ya ngoma palikuwa na njama. Hawakutambua upesi kazi iliyofanywa na vyama hivyo. Mwanachama aliyeugua alitazamwa, aliyekufa alizikwa kwa heshima ya cheo chake, na aliyesafiri kwenda mji mwingine alikuta wenzake wa chama wakimngoja na kumpa malazi. Mchukuzi wa mizigo bandarini, ambaye mchana aliitwa kibarua tu, jioni alikuwa mtu mwenye jina na daraja.

Msaada wa pili ulikuwa wa zamani zaidi, nao ni utani. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Wanyamwezi ilipita katika nchi ya Wazaramo ikielekea pwani, na katika kupita huko, kwa ugomvi na kwa kusaidiana, kabila hizo zikawa watani. Desturi hiyo iliunganisha kabila nyingine nyingi za Tanganyika, na mjini ilipata kazi mpya. Mtani aliweza kumtukana mtani wake wala asikasirike, na kumnyang'anya kitu chake wala asishtakiwe. Mtu asiyejua utani aweza kudhani kuwa ni utovu wa adabu. Lakini katika mji ambamo mgeni alidharauliwa na kila mtu, utani uligeuza dharau hiyo kuwa udugu: yule aliyemwita mshamba ndiye aliyelazimika kumtunza.

Maana ya wajibu huo ilionekana msibani. Watani ndio waliochimba kaburi na kusaidia kumwandaa maiti. Ndio pia waliofanya mzaha wakati wa kilio, wakaiga mwendo na usemi wa marehemu, na kulizuia jeneza mpaka wapewe ada yao. Kwa mzaha huo walishuhudia kwamba marehemu alijulikana, kwa kuwa mtu haigi mwendo wa mtu asiyemjua. Swali la nani atamzika mgeni lilikuwa limejibiwa.

Utani, hata hivyo, ulihitaji historia ya kale baina ya kabila na kabila, na haukumfikia kila mtu. Ndiyo sababu viliundwa vyama vya kabila, ambavyo shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuzika wafu, kusaidia wagonjwa na kumrudisha kwao aliyekwama. Vingi havikudumu. Michango ilikauka, fedha zikapotea, na watu wakarudi kwa jamaa na majirani. Tena vyama hivyo vilikuwa na kasoro ya ndani: vilimpokea mgeni kwa kumwekea mpaka. Aliyelindwa na kabila lake aliweza kuishi mjini miaka ishirini bila ya kuhitaji kumjua wa kabila jingine.

Mpaka huo ulivukwa kwa njia mbalimbali. Mwaka wa 1929 palianzishwa mjini humo Chama cha Waafrika, ambacho hakikuuliza kabila. Makuli wa bandari waligoma mwaka wa 1939, wa 1943 na wa 1947, na katika migomo hiyo Mluguru na Mzaramo walisimama upande mmoja kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Vyama vya ngoma vya wanawake, ambavyo kwa kawaida vilichanganya kabila, vilikuwa tayari vimefanya kimyakimya jambo ambalo wanasiasa walilitafuta. TANU ilipoundwa mwaka wa 1954, na Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika ngoma za mjini, alipokabidhiwa mwaka uliofuata kazi ya kuwaandikisha wanawake, alikwenda kwa viongozi wa vyama hivyo. Siasa ilikuta watu wamekwisha kuzoea kuitana dada.

Serikali kwa upande wake haikuacha kumhesabu mgeni kuwa mzigo. Wakati wa ukoloni wasio na kazi walikamatwa, wakaitwa wahuni, wakarudishwa mashambani. Mji haukupungua: hesabu ya mwaka wa 1957 ilionyesha watu karibu 129,000, na ile ya mwaka wa 1967 zaidi ya 270,000. Tena mwaka wa 1983, chini ya serikali iliyokuwa huru, kampeni ya Nguvu Kazi iliwakusanya watu wasio na kazi iliyotambuliwa ili wapelekwe vijijini. Katika nyakati zote mbili mtawala aliuliza swali moja: mtu huyu ana kazi gani hapa? Watu wa uani waliuliza jingine: mtu huyu ni wa nani? Waliokosa jibu la kwanza waliweza kufukuzwa, na wengi wao walirudi, kwa sababu jibu la pili walikuwa nalo.

Hapa ndipo penye fundisho la historia hii. Mgeni wa Dar es Salaam alikuwa na hofu ya haki, maana mji haukujengwa kwa ajili yake. Lakini alipodhani kwamba wenzake wote ni wenyeji na yeye peke yake ni mgeni, alikosea. Aliyemcheka barazani alikuwa amechekwa miaka michache kabla yake. Wala uenyeji haukupimwa kwa ulaini wa Kiswahili chake, au kwa weupe wa kanzu yake, au kwa miaka aliyokaa. Ulipimwa siku alipogongewa mlango alfajiri, akaambiwa kwamba mtu fulani amefariki usiku, naye hana budi kuchukua jembe akafuatana na wengine makaburini.