Fedha ya Kungojea: Habari za Raia Wapya na Posho ya Wazee

Wazee wetu na wanachama wote, ndugu mmoja aliniuliza sababu gani karani wenu apoteze wino kwa mambo ya watu wa Kwale na Kiambu, ilhali sisi tuko Turbo. Swali lake ni la haki, nami nalijibu kwa kuanzia hapa nyumbani.

Baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007, kituo cha polisi cha Turbo kilijaa watu waliochomewa nyumba. Mwezi wa Mei 2008 Serikali ilianza kuwarudisha makwao katika kazi iliyoitwa Operesheni Rudi Nyumbani, na kila jamaa iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Wakati ule nilikuwa kijana wa shule. Nakumbuka mzee mmoja aliyefunga katika kitambaa kitambulisho kilichoungua nusu, akakilinda kuliko blanketi lake. Fedha ilikuwapo, jina lake lilikuwapo, lakini ugali wa jioni ile haukuwapo.

Na hivyo ndivyo ilivyowapata raia wapya wa nchi hii. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzika hapa bila karatasi. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, wakavipata. Washona, ambao walikuja kuhubiri dini na kujulikana Kiambu kwa useremala, walingoja hadi 12 Desemba 2020, siku ambayo Washona 1,670 pamoja na watu 1,300 hivi wenye asili ya Rwanda walitangaziwa uraia. Wapemba walifuata Julai 2023. Mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kwa wasio na taifa waliokaa nchini mfululizo tangu 12 Desemba 1963.

Baba zetu walivishwa kipande shingoni, nao wakakichukia. Leo mzee akikosa kadi hiyo hiyo hulala njaa. Maana posho ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70 na zaidi, haitolewi pasipo kitambulisho. Naye mwenye cheti cha uraia hana budi kuomba kitambulisho kwanza, kisha angoje uandikishaji, ambao hufanywa kwa vipindi. Mtu wa miaka 80 hana vipindi vingi vya kungojea.

Marekani walikutana na shida hii kwa njia nyingine. Sheria ya 1996 iliwaondoa wageni wengi katika posho ya wazee na walemavu, ndipo mwaka 1998 jimbo la California likaanza kuwalipa wengi wao kwa fedha yake. Mgeni akipata uraia huomba posho ya taifa. Wakati anapongoja jimbo humlipa, kisha hujirudishia kutoka katika malimbikizo yake.

Halmashauri yetu imependekeza kwamba mzazi wa mwanachama aliyekwisha kupata uraia, naye amepita miaka 70, apewe shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka sanduku la chama hadi jina lake litokee katika orodha ya Serikali, muda usizidi miezi sita. Mweka hazina apinga, akisema fedha hiyo hairudi. Katika hilo asema kweli: sisi hatuna njia ya California ya kujirudishia. Basi naomba iandikwe kuwa ni msaada wala si mkopo, tusije tukamdai mzee kaburini. Sanduku laweza kuwachukua wazee wawili kwa wakati mmoja, zaidi ya hapo halitoshi, na tayari mmoja ameomba.

Kura itapigwa mara tu hesabu za mwaka zitakapokwisha kusomwa.