Wembley: tamasha la Wapalestina na njia iliyofunguliwa na orkestra ya Coventry

Tarehe 17 mwezi wa tisa mwaka wa 2025, watu 12,500 hivi walijaa katika ukumbi wa Wembley Arena, mjini London, kwa tamasha la kuwachangia Wapalestina. Mwanamuziki Brian Eno alikuwa mbele katika kuliandaa. Waliimba Wapalestina wenyewe, kama Saint Levant na Elyanna, pamoja na Waingereza kama Damon Albarn. Feza zilizopatikana, pauni milioni 1.5 hivi, zilikuwa za mashirika ya Kipalestina yanayosaidia wakaaji wa Gaza. Wakati huo wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imekwisha kuhesabu zaidi ya watu 64,000 waliouawa tangu mwezi wa kumi mwaka wa 2023. Ukipima feza hizo kwa hasara hiyo, ni tone la maji baharini.

Ndiyo maana watu huuliza: muziki unasaidia nini mahali mabomu yanaanguka? Swali hilo liliulizwa zamani, juu ya Afrika Kusini, na historia yake inaanzia mahali padogo kuliko Wembley.

Mwezi wa saba mwaka wa 1983, Julian Bahula, mpiga ngoma wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni London, aliandaa siku ya muziki Alexandra Palace kwa kukumbuka miaka 65 ya Nelson Mandela. Mandela alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya miaka 20 gerezani, na vijana wengi wa Ulaya hawakujua hata jina lake. Mmoja wao alikuwa Jerry Dammers, kiongozi wa orkestra moja ya Coventry, mji wa viwanda vya magari. Orkestra hiyo, The Specials, ya Weusi na Weupe pamoja, ilikuwa imepasuka mwaka wa 1981, naye aliendelea na waliobaki kwa jina la The Special AKA. Dammers alikwenda kusikiliza muziki, akarudi na habari za mfungwa, alizozisoma katika karatasi zilizogawiwa pale.

Mwaka uliofuata orkestra yake ikatoa wimbo wa kudai Mandela afunguliwe, wenye mdundo wa kuchezesha, na ukafika nafasi ya 9 Uingereza. Feza zilizoingia mlangoni kwa Bahula siku ile hakuna anayezizungumzia leo. Zile karatasi ndizo zilizofanya kazi.

Mwaka wa 1986 Dammers, pamoja na Dali Tambo, mtoto wa Oliver Tambo wa ANC, wakaunda umoja wa wasanii wa kupinga apartheid. Mwezi wa sita mwaka ule waliwakusanya watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 katika uwanja wa Clapham Common, bure. Halafu likaja lile kubwa: tarehe 11 mwezi wa sita mwaka wa 1988, uwanja wa mpira wa Wembley, jirani kabisa na ukumbi ule wa 2025.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mtayarishaji, Tony Hollingsworth, alitaka liitwe sikukuu ya kuzaliwa tu, miaka 70 ya Mandela. Hesabu yake ilikuwa rahisi: televisheni hainunui mkutano wa siasa, lakini itanunua muziki. Katika harakati wengine hawakupenda. Walitaka vikwazo vya biashara vitajwe jukwaani, tena mwaka mmoja tu baada ya Margaret Thatcher kuiita ANC kundi la magaidi. Hollingsworth akashinda. Tamasha likaonyeshwa katika nchi 67, na watazamaji wakakadiriwa kuwa milioni 600. Hata hivyo wabunge kadhaa wa chama cha Thatcher waliilaumu BBC, na huko Marekani televisheni ya Fox ilikata maneno ya siasa. Mtu alilainisha maneno yake ili apite mlangoni, na mlangoni wakamlainisha tena.

Je, muziki ulimfungua Mandela? Hapana. Walipigana watu wa Soweto, wafanyakazi waliogoma, vikwazo, na vita vya Angola. Lakini alipotoka tarehe 11 mwezi wa pili mwaka wa 1990, hapakuwa tena na nchi ambamo jina lake lilikuwa geni. Miezi miwili baadaye alisimama mwenyewe katika uwanja uleule wa Wembley, akauambia ulimwengu usiondoe vikwazo. Yaani lile neno lililokatazwa mwaka wa 1988 alilisema mwenye sikukuu.

Mandela ndiye aliyeunganisha habari hizi mbili. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1997, akiwa rais, alisema mjini Pretoria kwamba uhuru wa Afrika Kusini haujakamilika bila uhuru wa Wapalestina.

Mwaka wa 2025 hakuna aliyetafuta sikukuu ya kujifichia: jina la Palestina liliandikwa kwenye matangazo. Wakaaji wa Goma, ambao kuanzia 2014 walizoea Festival Amani kwa tiketi ya dola moja, walijua kwamba mtu hakuingia pale kwa ajili ya muziki peke yake. Na katika miji mingi midogo, orkestra za mtaani zinaendelea kuwachangia Wapalestina, na karibu na mlango kuna meza yenye karatasi.