Mwambangoma

Kiangazi kikikolea, mti huu hupukutisha majani, kisha matawi yake yaliyo wazi hushika maua mekundu ya kung'aa. Sogea utazame shada moja: maua yamebanana, ya chini yakitangulia kuchanua, na ndege aina ya chozi hutumbukiza midomo yao mirefu kufyonza mbochi. Wakihama ua hadi ua, wanauchavusha mti.

Wataalamu huuita Erythrina abyssinica. Gome lake nene, laini kama kizibo, huukinga dhidi ya moto wa nyikani unapopita Biharamulo na Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mbao zake nyepesi huchongwa ngoma na vigoda. Kwa majirani wa Burundi na Rwanda, wanaouita umurinzi, ni mti wa matambiko ya jadi ya pepo Kiranga na Ryangombe.

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka hapo Rusumo kuingia Ngara, na miti mingi ikaishia kuwa kuni. Katika kuiotesha upya ardhi ile, miti ya asili kama huu inastahili kutangulizwa.

Kuupanda si kazi. Mvua zinapoanza, kata tawi nene kama mkono, lenye urefu wa mita 1.5 hadi 2, ulisimike mahali pasipotuama maji. Panga matawi kadhaa kwa mstari, upate uzio hai. Ukitumia mbegu, ziloweke usiku kucha. Mizizi huongeza naitrojeni kwenye udongo, hivyo mti huu hufaa kando ya migomba na kahawa.

Tahadhari: mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi hupendeza kwa shanga, lakini zina sumu. Watoto wasizitafune kamwe.