KESI HUPEWA NANI? HISTORIA FUPI YA MABARAZA YA KIJIJI, TANGU MUKUJU HADI MAKAZINI

Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wameeleza safari ya mwaka 2008, tulipovuka mpaka wa Malaba na Busia, tukapokewa Mulanda wilayani Tororo, kisha tukaletwa hapa Kiryandongo. Sisi walimu tumeombwa na Kamati tuandike juu ya jambo linalozua maneno katika kila mkutano: mtu akiwa na shauri, nani hupewa kulisikiliza, na kwa nini awe huyo na si mwingine?

Baadhi yetu tulisomea ualimu Mukuju, katikati ya Waiteso na Wajopadhola. Historia ya sehemu ile ina mafunzo kwetu.

Kabla ya ukoloni mashauri yalikuwa ya wazee wa ukoo. Kuanzia mwaka 1899 Semei Kakungulu na watu wake kutoka Buganda walitawala nchi za Bukedi kwa idhini ya Waingereza. Waliweka machifu wa saza, wa gombolola na wa muruka, na Kiganda kikawa lugha ya utawala. Tangu hapo swali la nani atasikiliza kesi halikuwepo tena. Chifu ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyemkamata asiyelipa, na ndiye aliyemhukumu. Wahenga walisema kweli: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mwezi wa Januari 1960 watu wa Bukedi walifanya ghasia kwa sababu ya makadirio ya kodi, na hasira yao iliwaangukia machifu hao. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1964 iliziingiza mahakama za kienyeji katika mfumo mmoja wa mahakimu wa serikali.

Lakini hakimu wa serikali yuko mbali na kijiji. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1988 kamati za RC, zilizokuwa na watu 9 waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, zilipewa uwezo wa kisheria wa kuamua mashauri madogo. Baadaye RC zikaitwa LC, na sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2006.

Tuangalie jinsi kazi inavyogawanywa. Katika mahakama ya serikali, kama ile ya Tororo, karani huandikisha shauri na kulipa namba, na Hakimu Mkuu ndiye anayesimamia ugawaji wa mafaili kwa mahakimu walio chini yake, kwa kufuata uzito wa kesi na mamlaka ya kila mmoja. Mwenye kesi hachagui hakimu, wala hakimu hajichagulii kesi.

Kijijini hakuna mafaili ya kugawa. Mahali ndipo panapoamua. Mlalamikaji huenda kwenye baraza la kijiji anakokaa mlalamikiwa, au pale jambo lilipotokea. Deni, mkataba, kupigana au uharibifu wa mali huanzia hapo, mradi thamani isizidi shilingi 2,000,000. Ardhi ya kimila huanzia muruka, yaani LC 2. Asiyeridhika hukata rufaa LC 2, kisha LC 3 ya gombolola, kisha kwa Hakimu Mkuu. Katika baraza la gombolola wanakaa watu 5, na wasiopungua 2 kati yao ni wanawake.

Hatari yake inaonekana wazi: waamuzi wa kijiji ni majirani wa wenye kesi. Aidha, mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba uchaguzi wa mabaraza hayo chini ya mfumo usio wa vyama haukuwa halali tena. Uchaguzi mpya wa vijiji haukufanyika hadi Julai 2018. Kwa miaka 11 watu waliendelea kupeleka kesi kwa wenyeviti wale wale, kwa kuwa waliwaamini au kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Tulipokuwa chuoni Mukuju, mwenzetu mmoja aliazimisha baiskeli, ikarudi gurudumu limepinda. Mlalamikiwa alikuwa mpwa wa mwenyekiti. Kabla ya kesi kufunguliwa, mwenyekiti alisimama akasema, "Huyu ni mtoto wa dada yangu," akamwachia makamu kiti, akaenda kukaa chini ya mwembe na watu wengine. Sisi wageni tulilipwa nusu tu ya gharama, lakini tuliondoka tumeridhika.

Hapa makazini tumeona kinyume chake. Ugomvi wa foleni ya maji ulisikilizwa na shemeji wa upande mmoja. Huenda uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki, lakini aliyeshindwa hakuukubali, na hadi leo jamaa zake hawachoti maji pamoja na wale wengine.

Kamati zetu za ustawi wa wakimbizi, RWC, zimepangwa kwa kufuata ngazi za LC, ila si mahakama. Kazi yao ni kupatanisha. Makosa makubwa ni ya polisi na hakimu, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufika mahakamani. Hata hivyo ugomvi mwingi huishia mikononi mwa RWC. Kwa hiyo tunaiomba Kamati iweke daftari la mashauri. Mambo manne yaandikwe kabla ya kikao: nani watakaa, nani amejiondoa kwa sababu ya undugu au kabila, wanawake ni wangapi, na asiyeridhika aende wapi.

Gharama ya daftari ni ndogo. Tulikimbia nyumba zetu baada ya watu kukosa imani na waliopewa kazi ya kuamua. Tusiipande mbegu hiyo tena hapa.