Tiba ya kuchangamsha akili wilayani Hai

Tiba ya kuchangamsha akili ni huduma ya vikundi kwa wazee wenye demensia, yaani ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Haitumii dawa. Nchini Tanzania ilijaribiwa katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017.

Mazingira

Makao makuu ya Hai ni Bomang'ombe, kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha. Wakazi wengi ni Wachaga wanaolima kahawa na migomba. Vijana wengi huhamia mijini, hivyo mzee anayeugua hutunzwa zaidi na wanawake wa familia waliobaki kihambani.

Mwaka 2009–2010 watafiti walichunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya wilaya hiyo. Walikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na mara nyingi kusahau huchukuliwa kuwa uzee tu, kwa hiyo mgonjwa hapelekwi hospitali.

Utaratibu

Tiba hii ilibuniwa Uingereza. Ina vipindi 14, kwa kawaida viwili kwa wiki kwa muda wa wiki 7. Kila kipindi kina mada yake, kama vile utoto, chakula, sauti au matumizi ya fedha, pamoja na michezo mepesi ya viungo. Mwongozaji huuliza maoni ya mzee badala ya kumpima kumbukumbu, ili asiaibike anapokosea.

Kwa ajili ya Hai mwongozo ulirekebishwa, kwa kuwa wazee wengi hawajui kusoma, na wengine wana upungufu wa kuona au kusikia.

Matokeo

Wazee 34 wenye demensia ya kiwango cha chini au cha kati walishiriki. Baada ya vipindi, uwezo wao wa kufikiri uliongezeka, na wasiwasi na matatizo ya tabia yalipungua. Ubora wa maisha uliongezeka kidogo. Hata hivyo washiriki walikuwa wachache.

Katika huduma za umma

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Vikundi vya namna hii havihitaji vifaa vya gharama, lakini vinahitaji watumishi waliofunzwa na usafiri wa wazee wanaoishi mlimani. Nchini India vituo vya afya vya umma hutoa vipindi vya yoga, ambavyo pia hufanyika kwa vikundi bila dawa.