Miaka 35 ya Monkey Island: ugomvi wa vinukta na hadithi za Mtwara zisizochorwa

Oktoba 2025 ilitimia miaka 35 tangu mchezo wa kompyuta The Secret of Monkey Island utoke Marekani. Ni hadithi ya Guybrush Threepwood, kijana anayefika kisiwani akitaka kuwa haramia. Hakuna mbio wala risasi. Mchezaji anaona picha ya gati, duka au kilabu cha pombe, anapeleka mshale wa kipanya juu ya kitu na kubofya. Guybrush anakwenda, anaokota, anauliza, anarudi mikono mitupu. Kila hatua ni fumbo: mlango umefungwa, ufunguo hauonekani, na mwenye habari hafungui mdomo mpaka apewe kitu.

Mkazi wa Mtwara anaweza kujiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana, kwa kuwa ukanda wa Mikindani, Msimbati na mlango wa Ruvuma una hadithi za bahari zisizohitaji kutungwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka mahali ambapo vijana wa leo wanatazama.

Michezo ya aina hii ilianza kwa maandishi. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken walitoa Mystery House, wakaongeza picha kwenye hadithi zilizokuwa maneno matupu. Mwaka 1984 ukaja King's Quest, ambao mhusika wake alitembea ndani ya picha, ila mchezaji alilazimika kuandika kila amri, na akikosa neno ambalo kompyuta inalijua, amekwama. Mwaka 1987 Ron Gilbert na Gary Winnick wa Lucasfilm Games walitoa Maniac Mansion. Humo vitenzi vilipangwa chini ya skrini: fungua, okota, sukuma, vuta, tumia. Mchezaji alibofya kitenzi, kisha kitu, basi. Programu iliyoendesha mchezo huo, SCUMM, ilibeba michezo ya kampuni hiyo kwa miaka 10.

Gilbert mwenyewe ameandika mengi kuhusu enzi hizo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, Grumpy Gamer, na makala haya yanamfuata yeye zaidi. Mwaka 1989 aliandika insha kali akilaumu michezo iliyomwua mchezaji bila onyo, au iliyomwacha aendelee kwa saa nyingi ilhali kitu muhimu kilibaki nyuma asikoweza kurudi tena. Monkey Island ya mwaka uliofuata ilikuwa jibu lake: mchezaji afikiri, ajaribu na akosee bila kuadhibiwa.

Tanzania haikuwamo katika neema hiyo. Klodwig Mgaya, aliyeandika historia ya teknolojia ya habari nchini, anaeleza kuwa kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilivurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Zuio hilo lililegezwa polepole, na televisheni ya Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kusini tulikuwa mbali zaidi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, masika yalitosha kuitenga Mtwara na Dar es Salaam. Kizazi kizima cha wenzetu kilikua kikifumbua mafumbo ya Guybrush, na chetu kikakua bila hata kuiona kompyuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 michezo hii ilipoteza soko, watu wakakimbilia ile ya kasi. Ufufuo ulianza Februari 2012, pale kampuni ya Double Fine ilipowaomba wapenzi wa zamani dola 400,000 za kutengeneza mchezo mpya na ikapata zaidi ya milioni 3. Novemba 2014 Gilbert na Winnick nao wakapitisha bakuli, na Machi 2017 ukatoka Thimbleweed Park.

Mchezo huo ulirudi makusudi mwaka 1987. Wapelelezi wawili wanafika katika mji uliodorora, maiti iko mtoni, na vitenzi tisa viko pale pale chini ya skrini. Picha zake ni za vinukta vinene, nyingine zikichorwa na Mark Ferrari, yule yule aliyechora mandhari za Monkey Island. Waliochangia fedha walialikwa kurekodi sauti zao zikasikika kwenye simu za mji huo, na kuandika vitabu vikawekwa kwenye maktaba yake. Wapo walioupenda kama barua kutoka nyumbani, na wapo waliolalamika kwamba unatania mno mambo ambayo wakongwe tu wanayajua. Mimi niko upande wa wanaoupenda. Mafumbo yake yana mantiki, na mgeni ana ngazi rahisi ya kuanzia. Vinukta vyake vilichaguliwa na watu wanaojua kuchora.

Lakini ni vinukta vilivyozua ugomvi mkubwa katika historia ya michezo hii.

Mwaka 2013 Gilbert aliandika jinsi ambavyo angetengeneza Monkey Island nyingine kama angepata nafasi. Haki za mchezo huo wakati huo zilikuwa mikononi mwa Disney, iliyoinunua Lucasfilm mwaka 2012. Alisema angerudi kwenye mtindo wa zamani wa vinukta, ulioboreshwa kidogo. Wapenzi wakalihifadhi andiko hilo kama hati ya ahadi.

Tarehe 1 Aprili 2022, siku ambayo dunia hudanganyana, alitangaza kwamba mchezo unakuja. Wengi walicheka. Siku tatu baadaye ikathibitika ni kweli: Return to Monkey Island, uliotungwa na Gilbert pamoja na Dave Grossman, mwenzake wa tangu 1990. Picha zilipoonekana, kicheko kikageuka. Hazikuwa za vinukta. Rex Crowle, msimamizi wa uchoraji, alikuwa amewapa wahusika miili ya pembe kali na nyuso zilizokatwa kama karatasi.

Baada ya vipande vingine kuonyeshwa mwishoni mwa Juni, matusi yalimiminika. Hayakuishia kwenye michoro, yalimfuata Gilbert binafsi. Akafunga sehemu ya maoni kwenye ukurasa wake na kusema hataandika tena kuhusu mchezo huo. Kilichomsikitisha, alieleza, ni kwamba waliotaka kumzuia asitengeneze mchezo anaoutaka ni baadhi ya wapenzi wakubwa wa Monkey Island.

Hoja zake zilikuwa na uzito. Monkey Island haikuwahi kuwa na sura moja. Ya kwanza ilitoka kwa rangi 16, kwa kuwa kompyuta nyingi za wakati huo ziliishia hapo. Ya pili, mwaka 1991, ilitumia picha zilizochorwa kwenye karatasi kisha zikaingizwa kwenye kompyuta. Ya tatu, mwaka 1997, ambayo Gilbert hakuhusika nayo, ilikuwa katuni, na ya nne ikaacha hata michoro bapa. Mwaka 1990 hakuna aliyekuwa akitafuta uzamani. Walitumia kilicho bora kwa siku hizo. Na mchezo wa vinukta alikuwa ameshawapa, Thimbleweed Park. Mpya ulipotoka tarehe 19 Septemba 2022, wahakiki wengi waliusifu, na sehemu kubwa ya kelele ikazima.

Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wana la kuwafundisha waliotukana. Uchongaji wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa na miaka ya 1950, uliachana na umbo la binadamu lililozoeleka. Leo ni miongoni mwa kazi zinazoitambulisha sanaa ya Kimakonde duniani. Mchongaji angesubiri ruhusa ya wanunuzi wa jana, mpingo ungebaki na sura moja.

Baada ya Return to Monkey Island michezo ya kubofya imeendelea kutoka kila mwaka, mingi ikitengenezwa na timu ndogo. Thimbleweed Park yenyewe iko hata kwenye simu, na simu ndiyo kompyuta ya wengi Mtwara. Vibanda vya gemu vimejaa mpira wa Ulaya. Sioni ubaya wa mpira, ila nauliza hadithi zetu ziko wapi.

Machi 1866 David Livingstone alitaka kushuka kwenye mlango wa Ruvuma na ngamia, nyati, nyumbu na punda, mikoko ikamzuia, akageuza hadi ghuba ya Mikindani. Namna ya kuwapitisha wanyama wale ni fumbo kamili la kubofya, na mbele zaidi kuna wapagazi na njia za watumwa, ambao hadithi yao haijasimuliwa vya kutosha. Mwaka 1959 Mwingereza Latham Leslie-Moore alitangaza Msimbati kuwa nchi huru, yeye akiwa sultani, na bendera juu, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoikomesha ndoto hiyo. Mtunzi wa Monkey Island angeilipia hadithi hiyo. Sisi tunayo bure na tumeiacha kwa waandishi wa kigeni.

Kisingizio cha gharama hakipo tena. Programu ya Adventure Game Studio inapatikana bila malipo, na michezo inayouzwa duniani imetengenezwa nayo. Mtwara ina vyuo, wachoraji na wazee wanaokumbuka. Halmashauri zinazotenga fedha za kutangaza utalii zianze na kundi moja la wanafunzi, kompyuta chache na kisa cha Msimbati. Wachore wanavyotaka wao, kwa vinukta au kwa mistari ya mpingo, na sisi tulionyimwa enzi ya kwanza tuwe wa kwanza kununua.